Mheshimiwa Ghalani

Siku walipomkamata Révérienne sokoni Ujiji, mwaka ule wa 1998, Mheshimiwa Nikodemu Ntamahungiro alikuwa kibarazani kwake Kasingirima akijisoma gazetini. Haikuwa hotuba nzima. Ilikuwa mistari minne tu chini ya tangazo la mbegu za alizeti, tena gazeti lilimwita Wakili Niko, kama mabango ya kampeni yalivyomwita. Lakini alikuwa ameisoma mistari hiyo tangu asubuhi bila kuichoka. Mbunge, lilisema gazeti, amewataka wananchi washirikiane na serikali katika zoezi la kuwarudisha makambini wakimbizi waliozagaa mitaani. Mtu asiye na barua ya mtendaji wa kata, alisema mbunge, huyo si wetu.

Alikuwa amefika tena kwenye "huyo si wetu" pale mkewe Leonia alipoingia uani na kapu tupu.

"Wamemchukua Révérienne."

"Nani wamemchukua?"

"Wale uliowaambia wachukue."

Nikodemu akakunja gazeti. "Mke wangu, zoezi linahusu wakimbizi."

"Na Révérienne ni nani? Si alivuka ziwa kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili? Miaka ishirini na sita yuko Ujiji. Ameolewa Ujiji, amezaa Ujiji, mumewe amezikwa Ujiji. Wewe wakati huo ulikuwa bado unafuta kamasi kwa mkono wa shati."

"Kama ana haki, sheria itamwona."

"Sheria ilikuwa wapi siku nilipojifungua juu ya mkeka humu ndani, nesi hajafika na wewe uko mahakamani unatetea mbuzi wa watu? Mikono iliyompokea mwanao ni ya nani?"

Nikodemu akalikunja gazeti mara ya pili. Swali linalojijibu lenyewe halisubiri jibu. Hilo alijifunza mahakamani.

Leonia akaingia jikoni, akachota maji ndooni, akayamwaga juu ya moto. Mvuke ukatoka mpaka kibarazani. "Mpaka arudi," alisema, "nyumbani humu hakipikwi kitu."

"Leonia, fikiri kidogo. Mimi ndiye mbunge. Siku tano tu zimepita tangu niseme maneno yale mbele ya uwanja mzima. Leo nionekane naomba mkimbizi aachiwe?"

"Basi usionekane."

Alisema kwa hasira, lakini Nikodemu aliyachukua kama ushauri wa kisheria. Angekwenda kimyakimya, amwite mkubwa wa zoezi pembeni, amnong'oneze maneno mawili, arudi na mama wa watu kabla jua halijazama ziwani. Gari la ubunge lilikuwa nyuma ya nyumba juu ya mawe, likisubiri kipuri kutoka Mwanza. Koti lenye kitambulisho cha Bunge lilikuwa kwa dobi, na dobi alikuwa msibani. Nikodemu akavaa koti lake la shamba lililochanika kwapa, akajifunika kofia ya pama mpaka kwenye nyusi, akachukua baiskeli. Njia nzima alifurahi kwamba hakuna aliyemtambua.

Waliokamatwa walikuwa wakiwekwa katika ghala kuukuu la mahindi, mbele ya Mwandiga kwenye barabara ya Kasulu, waandikishwe kabla ya lori kuwapeleka kambini. Mlangoni alikaa mgambo aliyeitwa Samson, kirungu magotini, redio sikioni.

"Mwakeye," Nikodemu akamsalimu kwa Kiha, akidhani Kiha kitamlainisha.

Samson akapunguza sauti ya redio. "Na wewe umejileta mwenyewe? Vizuri sana. Wenzako tunawakimbiza."

"Nina shida na mkubwa wako. Faragha."

"Barua ya mtendaji?"

"Mimi sihitaji barua ya mtendaji."

"Ndivyo wanavyosema wasio nayo."

"Mimi ni Muha wa hapa hapa! Hunisikii ninavyosema?"

"Nakusikia. Siku hizi mmejifunza Kiha mpaka mnatushinda wenyewe. Haya, sema 'lori limelala.'"

Nikodemu aliwahi kumhoji inspekta wa polisi mbele ya hakimu mpaka inspekta akaomba maji. Lakini ulimi ni kiungo chenye ukaidi, na ulimi wa Nikodemu ulizaliwa na Kiha kabla haujapelekwa shule.

"Rori rimerara," alisema.

"Umeona sasa? Mtanzania gani hawezi kusema rori rimerara?"

"Mbona na wewe umesema hivyo hivyo?"

"Mimi niko kazini."

Nikodemu akaona hakuna budi. Akavua kofia, akajinyoosha, akashusha sauti. "Kijana, unazungumza na mbunge wako."

Samson akamtazama kuanzia kwapa lililochanika mpaka kwenye kandambili. Hakukasirika. Alikuwa mtu mpole aliyesikia mengi. "Ingia ndani, mzee. Jumatatu tulipata askofu. Alikuwa akiuza vitumbua."

Ndani ya mlango palikuwa na meza, na nyuma ya meza karani kijana mwenye mwandiko mzuri, jina lake Pastory.

"Jina?"

"Nikodemu Ntamahungiro."

Karani akaiweka kalamu chini taratibu. "Ntamahungiro. Yaani hakuna pa kukimbilia." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mzee, jina lenyewe limekiri."

"Hilo ni jina la babu yangu!"

"Na babu alikimbia kutoka wapi?"

Swali hilo hilo Nikodemu alikuwa ameliogopa miaka mitatu iliyopita, wakati wa kampeni, ndiyo maana jina la babu halikuonekana kwenye bango hata moja. Watu aliwaambia jina ni refu mno.

"Mimi ndiye Wakili Niko," alisema. "Ndiye mbunge."

Karani akanyoosha kalamu ukutani. Kipande cha gazeti kilikuwa kimebandikwa pale kwa uji, mistari minne pamoja na alizeti zake. "Huyo ndiye mbunge. Maneno yake ndiyo mwongozo wetu hapa. Asiye na barua ya mtendaji, huyo si wetu. Nilikuwepo uwanjani mwenyewe, nimemwona. Mtu mrefu."

"Nilikuwa nimesimama juu ya kreti!"

"Mbunge asimame juu ya kreti, kwani anauza soda?"

Nikodemu akavuta pumzi, akaiita sauti yake ya mahakamani. "Karani, anayedai ndiye anayethibitisha. Wewe unadai mimi si raia. Thibitisha."

"Hiyo ni mahakamani, mzee. Hapa ni ghalani." Akaandika jina, akapiga mstari kwa rula, akamkabidhi sahani ya bati na blanketi la kijivu. "Sahani usipoteze. Hatutoi mara mbili."

Mtu wa kwanza kumwona ndani alikuwa Révérienne mwenyewe. Alikuwa akikoroga maharage kwenye sufuria kubwa kama ngoma. Saa chache tu ghalani na tayari alikuwa amekabidhiwa jiko. Akaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Yampaye inka!" alimaka kwa Kirundi. "Wakili! Na wewe wamekupata?"

"Nimekuja kukutoa, mama."

Révérienne akaitazama sahani, akalitazama blanketi. "Naona," alisema, kisha kicheko kikamshika mpaka akakaa juu ya gunia. Alicheka akijifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akaacha, akamtazama tena, akaanza upya. Alipotosheka alikwenda mezani kwa karani kumwambia kwamba yule kweli ni mbunge, kwamba yeye anamjua, mkewe anamjua, mtoto wake alimkata kitovu kwa mikono yake. Karani alimsikiliza kwa heshima zote.

"Mama, mkimbizi hawezi kumdhamini mkimbizi," alimjibu.

Basi Mheshimiwa akapanga foleni ya maharage. Aliyekuwa mbele yake alikuwa Mrundi mwembamba aitwaye Jean de Dieu, fundi redio, ambaye katika watu wote waliokuwamo ghalani ndiye pekee aliyekubali kosa. "Mimi ni mkimbizi wa kweli," alimweleza. "Nimekuja miaka miwili iliyopita. Nilitoroka kambini kutafuta kazi Rusimbi. Wamenikamata kihalali kabisa." Alimfundisha mzee mgeni kushika sahani kwa mikono miwili mpishi anapopakua, na asilale karibu na mlango kwa sababu redio ya Samson haizimwi.

Nikodemu akala. Tangu chai ya asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni, na nyumbani moto ulikuwa umezimwa. Aliona aibu jinsi maharage yale yalivyokuwa matamu.

Kabla hajamaliza, habari ilikuwa imezunguka ghala zima kwamba wakili wa Mahakama ya Wilaya, yule aliyekuwa na ofisi karibu na bandari, amekamatwa naye yuko humo humo. Hakuna aliyeshangaa. Waliona ni bahati yao. Mama mmoja, Veneranda, akaja na mtoto mgongoni, akachuchumaa mbele yake kama watu walivyokuwa wakichuchumaa zamani kwenye kibaraza cha ofisi.

"Wakili, nimezaliwa Ujiji. Mama yangu kazaliwa Ujiji. Naambiwa nirudi. Nirudi wapi?"

"Mama, mimi sasa si wakili. Mimi ni mbunge."

"Aa," alisema Veneranda kwa sauti ya pole, kama aliyeambiwa habari ya ugonjwa. "Lakini kuandika bado unaweza?"

Révérienne akachana boksi la biskuti, akampa upande mweupe. Jean de Dieu akatoa kalamu. Nikodemu akaipindua sahani yake magotini iwe meza, akaandika: Mimi, Veneranda binti fulani, mkazi wa Ujiji, naapa na kutamka kama ifuatavyo. Aliandika tarehe, akaandika majina ya mashahidi, akauliza ni kisima gani kilichokuwa karibu na nyumba ya bibi yake na nani aliyembatiza. Alipofika mstari wa sita aligundua kwamba mgongo ulikuwa umenyooka wenyewe. Dodoma, katika miaka mitatu, alikuwa amesimama Bungeni mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa sababu kiti kilikuwa kimelowa.

Waliandikiwa kumi na wanne, Révérienne akiwamo. Wa mwisho alikuwa mzee mwenye fimbo, aliyesubiri zamu yake bila kusema neno.

"Una ushahidi gani, mzee wangu, kwamba wewe ni raia?"

"Nilikupigia kura."

Nikodemu akainua uso. "Basi wewe ni raia."

"Ndivyo nilivyodhani," alisema mzee.

Kalamu ilikaa hewani kitambo. Wino haukuwa umekwisha.

Asubuhi lori lilikuja, na nyuma ya lori akaja Leonia kwa miguu, khanga imefungwa kiunoni, karatasi mkononi. Alikuwa amemwamsha mtendaji wa kata kabla ya alfajiri na kukataa kuondoka mlangoni mpaka aandikiwe barua. Karani Pastory akaisoma kwa sauti: "Ndugu Nikodemu Ntamahungiro ni mkazi wa kata hii na mbunge wa jimbo hili, na ni mtu wa tabia njema kwa kadiri tujuavyo."

Muhuri ulikuwa wenyewe. Uso wa karani ukapoteza rangi kidogo kidogo. Akaitazama barua, akalitazama gazeti ukutani, akamtazama mtu aliyekaa juu ya gunia, majani ya mahindi kichwani, wino mpaka kwenye kiwiko.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "huyu ni mumeo kweli?"

Leonia hakuwa na haraka. "Ana nini mkononi?"

"Makaratasi, mama. Ameandikia watu tangu jana."

"Basi ni yeye," alisema Leonia. "Miaka mitatu sijamwona, lakini ni yeye."

"Shikamoo, mheshimiwa!" karani akaruka kusimama, kiti kikaanguka. Samson mlangoni akaizima redio yake kwa mara ya kwanza tangu zoezi lianze. "Mheshimiwa, tafadhali, uko huru. Baiskeli yako hii hapa, tumeijaza upepo. Nenda nyumbani, baba. Tafadhali nenda."

"Siendi," alisema Nikodemu.

"Mheshimiwa!"

"Kwanza uniandikie kwenye daftari lako nimeachiwa kwa ushahidi wa nani."

"Wa mkeo, mheshimiwa. Na barua."

"Barua imeletwa na nani? Si mke? Andika basi: ameachiwa baada ya mkewe kumtambua na kumletea barua. Umeandika? Piga mstari kwa rula. Vizuri. Sasa, karani, umeweka msingi. Mke akimtambua mume, mume anapewa nafasi ya kuletewa barua. Na mume akimtambua mke je? Na mtoto akimtambua mama yake?"

Karani akamtazama mgambo, mgambo akatazama miguu yake.

"Hawa kumi na wanne," Nikodemu akaendelea, akivipanga vipande vya maboksi ya biskuti mezani kama karata, "kumi na mmoja wana waume, wake na watoto Ujiji na Rusimbi na Kasingirima. Viapo hivi hapa. Wewe jana usiku ungenipakia kwenye lori, na mke wangu angekukuta hapa na barua, mimi sipo. Ungejielezaje Bungeni?"

Kwa kweli Bungeni hakuna aliyekuwa akimwuliza karani yeyote kitu chochote, lakini Pastory hakulijua hilo. Akakimbilia kwenye simu ya upepo. Alizungumza na mkubwa wake kwa muda mrefu, mgongo amewapa, na kila walichosikia ni "ndiyo afande" na "kwenye kreti, afande." Mkubwa, inaonekana, alifikiri sana juu ya namna habari ya mbunge kulazwa ghalani ingesikika. Jibu lilipotoka lilikuwa fupi: hao kumi na mmoja warudi makwao, wapewe siku thelathini kuleta uthibitisho, na mheshimiwa aombwe sana, sana, habari hii isifike mbali.

Watatu waliosalia hawakuwa na mtu mjini wa kuwatambua. Mzee mwenye fimbo alikuwa mmoja wao. Nikodemu alibishana habari yake mpaka sauti ikakauka, karani akawa karibu kulia, na mwishowe Leonia ndiye aliyemaliza maneno. Akasema yule ni babu yake.

"Babu yako kwa upande gani, mama?" karani akauliza.

"Upande huu niliosimama."

Pastory akaandika. Alikuwa amechoka.

Wale wawili waliobaki wakapandishwa lori, Jean de Dieu akapanda bila kusukumwa. Nikodemu akasogea mpaka kwenye bodi kumrudishia kalamu yake.

"Kaa nayo, wakili. Karatasi yangu hukuiandika."

"Yako sijui niianzeje. Wewe umekubali kila kitu."

"Anza hapo hapo," alisema Jean de Dieu. "Andika kwamba kuna fundi redio anaomba ruhusa ya kufanya kazi. Usifanye haraka. Mimi siendi popote."

Lori likaondoka naye. Nikodemu akabaki na kalamu, akimtazama mpaka vumbi likamficha. Révérienne akamshika mkono kama mtoto, wakaanza safari ya mjini, watu kumi na watatu na babu mpya wa Leonia juu ya kiti cha baiskeli.

"Jumamosi una mkutano uwanjani," Leonia alisema walipokuwa wanashuka kilima na ziwa likaanza kuonekana. "Utawaambia nini?"

"Nitawaambia nilikolala."

"Watakucheka."

"Najua."

"Na kura?"

Nikodemu aliisukuma baiskeli hatua kadhaa. "Kura ni za mwaka wa elfu mbili," alisema. "Leo nina njaa." Leonia akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana, akasema moto utawashwa, lakini kuni atachanja mheshimiwa mwenyewe.

Jumamosi uwanja ulijaa, maana mkubwa wa zoezi alikuwa ameomba habari isifike mbali, na Samson alikuwa na ndugu wengi. Nikodemu alikataa kreti. Akasimama chini, watu wa nyuma wakalazimika kusimama kwa ncha za vidole.

"Wananchi," alisema, "jina langu ni Nikodemu Ntamahungiro."

Minong'ono ikapita. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mkimbizi!" na kicheko kikalipuka kutoka upande wa wauza samaki. Nikodemu akangoja kipite.

"Hapa hapa niliwaambia asiye na barua ya mtendaji si wetu. Nilisema vibaya. Jumatano iliyopita mimi sikuwa nayo, nikapewa sahani ya bati." Akawaeleza yote: lori na rori, askofu wa vitumbua, jina la babu yake na kwa nini alilificha. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mpinzani wake, aliyesimama pembeni na daftari, alikuwa akiandika kwa furaha kubwa, na maneno yale kweli alikuja kuyatumia vizuri wakati wa uchaguzi.

"Sasa nauliza," alisema Nikodemu, "hapa uwanjani, nani ana barua ya mtendaji? Anyooshe mkono."

Kicheko kikakatika. Watu wakatazamana. Wauza samaki wakawatazama wenye maduka, wenye maduka wakawatazama walimu, mwalimu mkuu akajipapasa mfukoni kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mpinzani akaacha kuandika. Katika uwanja mzima ulinyooshwa mkono mmoja, mbele kabisa, kwenye viti vya wageni. Ulikuwa wa mtendaji wa kata.

"Asante," alisema Nikodemu. "Na wewe barua yako uliandikiwa na nani?"

Mtendaji alikuwa mtu mkweli. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Nilijiandikia," alisema.

Hakuna aliyecheka. Révérienne, aliyekaa chini katikati ya wauza mawese, akasogea kidogo kwenye mkeka wake kuacha nafasi, na mwanamke aliyekuwa amesimama kando yake tangu mkutano uanze akaketi hapo.